Punda hali, mbuzi kavimba, kidonda hakiponi: kutafuta chanzo katika banda la wanyama waliookolewa

Wanyama wanaofikishwa kwenye mashamba madogo ya hifadhi hapa Unguja na Pemba historia zao zinakaribiana. Kuna punda aliyevuta gari la mchanga na matofali mpaka miguu ikamwishia, ng'ombe wa gari aliyezeeka, na mbuzi aliyefungwa kamba ya nailoni tangu mtoto mpaka kamba ikazama ndani ya nyama. Kuna pia paka wa vichochoro vya Mji Mkongwe ambao macho yameziba kwa tongo. Dalili unayoiona leo, mara nyingi chanzo chake kipo kwenye maisha yale ya nyuma. Kama hakipo huko, basi kipo kwenye kitu tulichokibadilisha sisi wenyewe wiki hii kwa sababu ya huruma. Sindano haijui tofauti ya hayo mawili. Mlezi ndiye anayetakiwa kuijua.

Kwa hiyo hapa naanza na dalili, kisha narudi nyuma kwenye chanzo. Nimewapa punda nafasi kubwa kuliko wengine, kwa sababu ndio wanaoficha maumivu yao zaidi, na ndio wanaokufa watu wakiwa bado wanasema "kapumzika tu".

Kwanza pima, halafu uliza

Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Kipake mafuta ya kupikia, kiingize kwenye njia ya haja kubwa, kishike mpaka kilie, wala usikiachie. Punda mzima mwenye afya huwa kati ya nyuzi 36.2 na 37.8. Ng'ombe huwa 38 hadi 39.3, mbuzi 38.5 hadi 40, paka na mbwa 38 hadi 39.2. Tazama tofauti hiyo vizuri: nyuzi 38.8 kwa mbuzi ni salama, kwa punda ni homa. Mtu aliyezoea ng'ombe anaweza kumpima punda mgonjwa akasema hana kitu. Pima asubuhi, mnyama akiwa kivulini, kwa sababu punda aliyesimama juani mchana wa kaskazi joto lake hupanda bila maradhi yoyote.

Kisha inua mdomo utazame fizi. Zinatakiwa kuwa na rangi ya waridi na unyevu. Bonyeza kwa kidole, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Zikiwa nyeupe, damu imepungua. Zikiwa za manjano, fikiria ini au maradhi ya kupe. Zikiwa kavu na rangi inachelewa kurudi, mnyama amekosa maji. Weka sikio ubavuni usikilize tumbo. Tazama mavi: mangapi, magumu au laini, yana nini ndani.

Baada ya hapo jiulize nini kimebadilika katika siku saba zilizopita. Majani mapya? Kisima kingine? Mvua imeanza? Mwenza ameondoka? Kuna aliyeogeshwa dawa ya kupe? Andika majibu kwenye daftari, moja kwa kila mnyama, hata kama ni daftari la skuli. Banda lenye walezi wawili au watatu wanaopokezana haliwezi kutegemea kumbukumbu za mtu.

Punda hali chakula

Hii ni dharura siku hiyo hiyo. Mwili wa punda una hatari yake ya pekee: akikosa kula, huanza kumwaga akiba yake ya mafuta ndani ya damu kwa wingi kuliko mwili unavyoweza kuyatumia, na ini na figo huanza kushindwa. Wanaopatwa zaidi ni wanene, wazee, na majike wenye mimba au wanaonyonyesha. Siku mbili au tatu za kusubiri zinatosha kumpoteza. Ng'ombe aliyeacha kula asubuhi unaweza kumtazama mpaka jioni. Punda mpigie daktari simu kabla hujaanza kutafuta chanzo.

Na hakikisha kweli anakula. Punda mwenye maumivu huweza kusimama na wenzake kwenye hori, majani yakiwa mdomoni, asimeze kitu. Simama umtazame akitafuna mpaka ameze. Usisubiri kumwona akigaragara kwa maumivu ya tumbo, maana punda wengi hawafanyi hivyo. Utamwona tu amejitenga, kichwa kimeshuka, masikio yameelekea nyuma, hajali ukimkaribia.

Ukiwa unamsubiri daktari, pita kwenye vyanzo hivi.

Meno. Punda mzee huwa na meno yaliyochongoka kwenye kingo, yanachoma mashavu na ulimi. Tafuta chini ya hori vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa. Ukivikuta, tatizo liko mdomoni, na majani makavu marefu ndiyo yanayomuumiza. Mkatie majani mabichi laini, vipande vifupi, mpaka meno yakwanguliwe na mtu mwenye vifaa.

Maji. Visima vingi vya upande wa mashariki wa Unguja, kwenye ardhi ya mawe, maji yake yana chumvichumvi. Punda aliyezoea maji ya bomba mjini akifikishwa huko anaweza kuyanusa na kuyaacha, na asiyekunywa huacha na kula. Punda mzima anahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku, na kipindi cha joto hukaribia kile kiwango cha juu. Mwekee ndoo mbili, moja ya maji aliyoyazoea na moja ya maji ya hapo, na ndoo zenyewe zisiwe na harufu ya sabuni. Wakati huo huo pima kwa macho kilichopungua. Birika kubwa la pamoja halikuambii nani amekunywa.

Mchanga na plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, lakini majaa bado yana viroba, vifungashio na kamba za nailoni, na punda aliyekuwa akijitafutia mwenyewe usiku amekula humo. Wengine walilishwa chini, kwenye mchanga wa pwani, wakawa wanameza mchanga kila siku. Mavi yakiwa machache, makavu, yamefunikwa na ute, tumbo limeziba au linaelekea kuziba. Kujua kama ni mchanga, chukua mavi mabichi, ukitoa yale yaliyogusa ardhi, yakoroge ndani ya chupa ya maji inayoonekana ndani, uiache itulie. Mchanga utakaa chini na utauona.

Hapa kuna jambo moja tusilolifanya: kumnyweshea punda mafuta kwa chupa. Mafuta huingia kwenye mapafu kwa urahisi, na hapo unakuwa na maradhi mawili. Daktari huyapitisha kwa mpira unaoingia puani hadi tumboni, na ana sababu yake.

Mwenza. Punda wakikaa pamoja huwa ndugu. Ukimtoa mmoja kwenda kutibiwa, aliyebaki anaweza kuacha kula, akaugua yeye wakati mgonjwa amepona. Ikibidi kusafiri, wapelekeni wote wawili. Mmoja akifa, mwache mwenzake akae na mwili, aunuse, aondoke mwenyewe anapotaka. Saa nzima au zaidi si nyingi. Aliyeachwa aone kilichotokea hutulia mapema kuliko aliyebaki anamtafuta mwenzake kila kona ya uzio.

Kumshawishi ale, mpe kile alichokipenda zamani. Wengi hupenda maganda ya ndizi, ukoka mbichi uliokatwa sasa hivi, majani ya muwa. Kidogo mkononi mwako kinaweza kufungua njia.

Kafika mifupa mitupu, tunamlisha, anazidi kudhoofika

Chanzo kikubwa hapa ni chakula chenyewe. Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu, mwili wake umejipanga kuishi bila chakula. Ukimwekea besheni la pumba na mahindi siku ya kwanza, madini ndani ya damu hubadilika ghafla; moyo na misuli hushindwa, na mara nyingi hilo hutokea baada ya siku chache, pale walezi wanaposema sasa amepona. Ng'ombe na mbuzi wana hatari nyingine juu ya hiyo: pumba nyingi huchachuka tumboni na kuwatia sumu.

Mpe majani peke yake, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, hata usiku mara moja. Pumba na mashudu ya nazi vingoje wiki kadhaa, na vikiingia viingie kwa ngumi. Najua inauma kumnyima mnyama mwenye njaa. Majirani watakwambia unamnyanyasa, na watoto watamletea maembe kwa siri, kwa hiyo watoto waelezwe mapema.

Punda akishafika unene wa wastani, simama hapo. Wamezoea majani magumu yasiyo na nguvu nyingi, na punda mnene anaishia kuumwa kwato.

Kidonda cha matandiko hakiponi

Vidonda hivi hukaa mabegani, kifuani, juu ya mgongo na chini ya mkia, kila mahali ambapo kamba, mpira wa tairi au mbao ya gari ilikuwa inasugua. Manyoya meupe yaliyoota kwa mabaka yanakuonyesha vya zamani vilivyokwisha kupona. Kidonda kibichi kisichofunga, tafuta moja kati ya haya.

Bado kinasuguliwa. Gari limeondoka lakini kamba ya shingo ipo, au anajikuna kwenye nguzo ile ile, au anajigaragaza kwenye mawe. Punda lazima agaragare, ni haja yake. Mpe uwanja wa mchanga laini na usafi.

Kimewekwa vitu. Oili chafu ya gari, majivu, unga wa betri, dawa ya rangi ya zambarau kila siku. Mengi ya haya yanaua nyama mpya pamoja na wadudu. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko viwili vidogo vya chumvi kwa lita moja, kwa kumwagia, bila kusugua. Nimeona vidonda vya miaka vikianza kufunga kwa maji haya na mapumziko tu, hakuna dawa iliyonunuliwa.

Nzi. Katika joto na unyevunyevu wetu kuna nzi wanaobeba vijiminyoo na kuviacha ndani ya kidonda. Kidonda hicho huota nyama nyekundu inayozidi kimo cha ngozi, huwasha sana, na ndani kuna punje ngumu za manjano. Hakiponi kwa kuoshwa pekee; daktari hutoa dawa ya minyoo yenye ivamektini kwa kipimo cha uzito. Kinga ni kufukuza nzi na kuondoa mavi kila asubuhi.

Kuna kitu ndani. Tundu dogo linalotoa usaha juu ya mabega, linafunga na kufunguka tena, lina mfupa uliooza au kipande cha mti chini yake. Hilo ni la kisu cha daktari.

Kila kidonda cha punda, hata cha msumari, kinaleta hofu ya pepopunda, kwa sababu jamii ya punda na farasi wanaathirika haraka sana. Ukimwona anatembea kama miguu imekakamaa, mkia umenyooka, na utando wa ndani wa jicho unajitokeza ukimshitua, muhamishie mahali pa giza na kimya, mwite daktari. Chanjo ipo. Mnyama mgeni asipate siku nyingi hajachanjwa.

Anachechemea, au hataki kuondoka alipo

Punda akigoma, wengi wanafikia fimbo. Mimi naanza na kwato.

Kipindi cha masika, kuanzia Machi hadi Mei, banda likiwa na tope na mkojo, kwato huoza upande wa chini: harufu kali, ute mweusi kwenye mifereji. Inua mguu, safisha kwa kijiti butu, kausha. Dawa kubwa ni sakafu kavu. Mwaga kifusi na mchanga wa kokoto, pandisha banda, chimba mfereji wa maji kabla ya mvua ya kwanza.

Akiwa hakanyagi kabisa mguu mmoja kwa ghafla, na ukwato una joto, yaelekea ni jipu ndani ya ukwato. Likifunguliwa na mjuzi, hali hubadilika siku hiyo hiyo. Akiwa anasimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele imetangulizwa, anageuka kwa taabu, hayo ni maumivu ya kwato zote mbili za mbele. Mara nyingi yanafuata chakula kizito. Ondoa pumba zote, mpe mahali laini pa kusimama, usimtembeze, mwite daktari.

Kwato ndefu zilizopinda juu kama viatu vya zamani hazipunguzwi kwa mara moja. Zipunguzwe kwa awamu, kila wiki sita hadi kumi, mishipa ya mguu izoee. Na punda aliyetoka ardhi laini ya Donge au Wete akihamia kwenye mawe ya Makunduchi ataumwa nyayo mwanzoni hata kama kwato ni nzima.

Mbuzi kavimba ubavu wa kushoto

Gonga. Ukisikia mlio wa ngoma na mnyama anahema kwa shida, ni gesi. Majani machanga yenye maji, hasa mvua zinapoanza, ndiyo chanzo cha kawaida. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu kidogo, mpe mafuta ya kupikia kama mililita 100 kwa mbuzi mzima, polepole, kichwa kikiwa usawa wake wa kawaida, kisha umkande ubavu na kumtembeza. Asipopungua ndani ya nusu saa, mwite daktari; usijaribu kumtoboa kwa kisu cha jikoni.

Kama tumbo linasukasuka maji, na kuharisha kunanuka uchachu, alikula pumba, unga au chicha la nazi lililolala. Chicha bichi katika joto letu huharibika siku ile ile. Libaki la leo tu, la jana litupwe. Mafuta hayasaidii hapa. Mpe nyasi kavu tu na maji, na mwite daktari.

Ubavu wa kulia ukivimba taratibu kwa wiki nyingi, angalia kwanza kama jike hana mimba. Wengi wanaookolewa huja nayo.

Mbuzi mnyonge, kope nyeupe

Fungua kope la chini. Likiwa limepauka au jeupe, na chini ya taya pameota uvimbe laini, minyoo inayonyonya damu imejaa tumboni. Hutokea sana wakati na baada ya masika. Mpe dawa ya minyoo kwa uzito wake halisi, maana kipimo pungufu huwafundisha minyoo kuizoea dawa. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono kuwanywesha mbuzi wote kwa tarehe. Tazama kope za kila mmoja, mtibu mwenye shida. Watoe malishoni umande ukishakauka. Vijiminyoo hupanda juu ya majani yenye maji.

Ng'ombe ana homa na amezubaa

Mtu wa bara akikushauri, anaweza kuanza na ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o. Kwa Unguja, mbung'o walitokomezwa kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na kisiwa kikatangazwa kuwa huru mwaka 1997. Kwa hiyo hapa anza na kupe.

Pitisha vidole chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba, joto limepita nyuzi 40, na anahema kwa shida, ni ndigana kali, na kila saa ina thamani. Mkojo mwekundu unaelekeza kwenye ugonjwa mwingine wa kupe, na fizi za manjano pamoja na mavi makavu magumu ni ndigana baridi. Dawa za hizi si moja, ndiyo maana kuchoma sindano ya kubahatisha kunapoteza mnyama na pesa. Ng'ombe chotara wa maziwa na ndama huathirika kuliko ng'ombe wetu wa kienyeji.

Asiye na homa, anakula, lakini hanenepi, na anavimba na kupungua mara kwa mara, mfikirie ana plastiki tumboni. Hakuna dawa ya kunywa inayoyeyusha plastiki. Daktari anaweza kulifungua tumbo na kulitoa bonge, ng'ombe akaishi vizuri.

Wawili watatu wameugua kwa pamoja

Hapa acha kufikiria vijidudu kwanza, fikiria sumu. Banda la wanyama mchanganyiko lina hatari ambayo mfugaji wa ng'ombe watupu haijui: dawa ya mmoja inaweza kumuua aliye pembeni yake.

Dawa ya kupe yenye amitrazi ni salama kwa ng'ombe na mbuzi ikichanganywa sawasawa. Kwa punda husimamisha utumbo, na utaona tumbo limenyamaza na mavi hayatoki. Punda ana kupe? Watoe kwa mkono, masikioni hasa, au muulize daktari dawa nyingine. Dawa za kupe na viroboto zenye pemethrini, saipamethrini na jamaa zake zinawaua paka. Paka akilala juu ya ng'ombe aliyetoka kuogeshwa, au akijilamba baada ya kujisugua kwake, ataanza kutetemeka misuli. Muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkimbize kwa daktari. Parasetamoli, hata robo ya kidonge, usimpe paka kamwe.

Kikubwa zaidi ni chakula cha kuku. Kuna chakula cha viwandani cha kuku na cha ng'ombe kinachotiwa monensini au salinomisini kuzuia kuharisha damu. Kiasi kidogo tu cha dawa hizo huvunja moyo wa punda. Punda akivunja mlango wa stoo usiku na kula gunia la kuku, asubuhi utamkuta anatokwa jasho, hawezi kusimama. Ghala la chakula liwe na komeo ambalo mdomo wa punda haufungui, na wana midomo hodari. Soma karatasi ya gunia, na kama haisemi kilichomo, kiweke mbali.

Kisha zunguka uzio. Mbono kaburi uliopandwa kama ua, na mbegu za mbarika, ni sumu. Muhogo mchungu ni hatari zaidi kwa sababu watu wanautoa kwa nia njema: jirani amevuna, analeta mzigo wa majani mabichi. Mbuzi akiyala kwa njaa, ndani ya dakika anaweza kuhema haraka, fizi zikawa nyekundu kupita kawaida, akaanguka. Majani ya muhogo yakatwekatwe, yaanikwe juani mpaka yakauke, ndipo yaliwe, na yasiwe chakula pekee.

Kuku na paka, kwa ufupi

Kuku wanakufa mfululizo, kinyesi cha kijani, shingo zimepinda: ni mdondo, hauna tiba. Wachanje wazima kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu au minne, na kuku mgeni akae peke yake wiki mbili. Paka mwenye macho yaliyoziba na mafua, safisha kwa pamba na maji ya chumvi ya kipimo kile kile, mpe chakula chenye harufu. Paka asiyenusa hali. Paka wachanga wasipewe maziwa ya ng'ombe, watahara mpaka wakauke.

Mnyama yeyote, mbwa hasa, aliyebadilika tabia, anang'ata ovyo, anatokwa na mate na hawezi kumeza, usimfungue mdomo kutafuta mfupa. Fikiria kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali saa hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo.

Anapiga teke ukimgusa

Tafuta maumivu. Masikio yaliyokuwa yakivutwa na kupindwa, kupe ndani yake, kidonda cha mkia. Kama hakuna, ni kumbukumbu. Keti karibu naye na majani, usimguse, rudia kila siku, anza begani badala ya kichwani. Usimtie mtoto wa mgeni mgongoni kwa ajili ya picha. Mnyama huyu amekwisha kubeba cha kutosha.

Mwenyewe amerudi kumdai, au jirani amekasirika

Chanzo ni kutoandikishana. Mnyama aliyeachwa au aliyetolewa, mpitishe kwa sheha siku ile ile, andikieni karatasi yenye alama zake na sahihi za pande zote. Jirani ambaye konde lake limeliwa alipwe bila ubishi na uzio utengenezwe siku hiyo. Samadi ya bure kwa migomba yake husaidia kurudisha ujirani. Komba, kima au popo walioletwa na watoto hawakai nasi. Ni wanyama wa msitu. Toa taarifa kwa watu wa misitu, mweke kwenye boksi lenye giza, usimpe maziwa.

Daktari yuko njiani

Ukimpigia, mwambie kwa mpangilio: mnyama gani na uzito wa kukadiria, joto lake, rangi ya fizi, mara ya mwisho kula na kunya, kilichobadilika wiki hii, na kila dawa iliyokwisha tumika hata ile unayoona aibu kuitaja, maana baadhi hazichanganyiki na atakazokuja nazo. Usimpe kitu kingine baada ya simu hiyo isipokuwa alichokwambia. Mfunge mgonjwa penye kivuli na mwanga wa kutosha kumchunguza, ndoo ya maji mbele yake, mwenza wake upande wa pili wa fito. Weka mavi ya mwisho kwenye mfuko, daktari atayataka. Na mtu mmoja aende kusimama barabarani, kwa sababu njia za mashambani hazina vibao na gari la daktari likipotea kwenye mikarafuu unapoteza saa nzima ambayo mgonjwa wako hana.